Wanavyosoma faili lako: mwongozo kamili wa kuaplai vyuo vikubwa vya Marekani ukiwa Moshi au Arusha

Kila ikifika mwezi wa kumi steshenari yangu hapa Moshi, ile ya kuelekea soko la Mbuyuni, inajaa vijana wa form six na wale waliomaliza wapo tu nyumbani, kila mtu na bahasha yake ya kaki, na swali ni lile lile, "kaka mimi form four nilipata one ya saba, Harvard si wananichukua?" Naelewa kwa nini wanauliza hivyo, sisi tumekulia kwenye pointi. Unamaliza six, unaangalia kombi yako, unaangalia kozi inataka pointi ngapi, umefika unaingia, hujafika unatafuta kozi nyingine. Vyuo vikubwa vya Marekani haviendi hivyo, na mtu akiaplai kule kwa akili ya pointi anapoteza mwaka mzima. Mimi nilipoteza miwili, ntakusimulia yote humu humu.

Hesabu kwanza. Mwaka 2024 Harvard walipokea maombi 54,008 wakachukua watu 1,937, yaani kwenye kila watu mia hawafiki wanne. Usidhani wale elfu hamsini na ushee walioachwa ni vilaza, wengi wao wana alama zile zile za waliochukuliwa. Alama kwa hawa jamaa ni nauli, bila nauli hupandi basi, lakini ndani ya basi kila mtu kalipa nauli.

Faili linapita wapi

Maofisa wa udahili wamegawana dunia kama makonda walivyogawana ruti. Ofisa mmoja anaweza akawa amebeba Afrika nzima peke yake, anasoma matokeo yako, barua za walimu, esei, shughuli zako, anaandika muhtasari na kukupa alama. Za Harvard zilianikwa hadharani kwenye kesi iliyosikilizwa Boston mwaka 2018 (ile ile ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliiamua Juni 2023 kwamba rangi ya mtu isihesabiwe tena kwenye udahili), ndo tukajua wanatoa 1 mpaka 6, na 1 ndo ya juu, kwenye masomo, shughuli za nje ya darasa, michezo na utu wa mtu, halafu moja ya jumla, na hata barua za walimu zinapewa alama zake. Hapo faili linaenda kamati ndogo ya eneo, halafu kamati kubwa ya watu kama 40, wanapiga kura. Chuo cha Pennsylvania walianzisha mtindo mwingine ambao wengi wameuiga, watu wawili wanafungua faili moja kwa pamoja, mmoja anasoma matokeo na barua, mwenzake anasoma esei na shughuli, wanaongea, wanakubaliana, wanafunga, na mara nyingi robo saa haiishi.

Robo saa aisee! Umesoma miaka kumi na tatu, std one mpaka form six, mtu anakumaliza kabla chai haijapoa.

Sasa shika hili maana mengine yote yanatoka hapa. Yule ofisa anakusoma ukiwa ndani ya shule yako na mtaa wako, anajiuliza huyu kwa alivyokuwa navyo kafanya nini. Hiyo ni habari njema kwa mtoto wa Kibosho au wa Ngarenaro, ila kuna shida, yeye hajui ulikuwa na nini. Hajui shule yenu ina kompyuta ngapi, hajui C ya NECTA (baraza letu la mitihani) inatafutwa kwa jasho kiasi gani, hajui mvua ikinyesha daladala za kupanda kwenu zinafanya nini. Faili lisiposema, hakuna mwingine wa kusema, wewe hauendi kule, linaenda faili.

Hatua ya 1: chagua vyuo kwa kuangalia hela kwanza

Najua hii inakata stimu ila ndo hatua niliyoikosea mwaka wangu wa kwanza. Nilimlipa wakala mmoja mjini laki nne (simtaji), akanijazia vyuo sita, vyote vikanijibu vizuri tu, na vyote sita mwanafunzi wa nje hapati msaada wa maana. Gharama ya mwaka mmoja kwenye vyuo vikubwa vya binafsi sasa hivi inapita dola 80,000, baba angeuza kihamba, yaani shamba la ukoo, na kahawa yake yote nisingemaliza muhula.

Kuna makundi matatu. La kwanza ni vyuo ambavyo wakati wa kuamua haviangalii kama unaweza kulipa hata kama umetoka nje ya Marekani, halafu vikikuchukua vinaziba pengo lote la ada, Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin wamo. La pili vinaziba pengo lote vikikuchukua ila wakati wa kuamua vinaangalia mfuko wako, yaani kuna fungu la hela za wageni, na likikaribia kuisha ofisa anafikiria mara mbili hata kama amekupenda. La tatu havina hela ya mgeni, au wana kidogo cha kupunguza ada tu. Mtoto wa mkulima akae kundi la kwanza na la pili, basi.

Utajuaje chuo kiko kundi gani? Hapa kuna siri ambayo wala si siri. Andika Google jina la chuo halafu Common Data Set, utapata fomu ndefu ya PDF ambayo vyuo vingi vinaitoa kila mwaka. Nenda sehemu ya C7, kuna jedwali linaonyesha kila kitu kina uzito gani kwao, matokeo, esei, barua, interviu, kama mzazi alisoma pale, hata kama wanajali ulivyoonyesha kuwapenda. Halafu shuka mpaka H6, pale wameandika wanafunzi wangapi wa nje wamepewa msaada na wastani wa kila mmoja. Ukiona waliopewa ni watatu, funga, nenda chuo kingine. Dakika kumi hizo zingeniokolea laki nne.

Chagua nane mpaka kumi, Common App (fomu moja ya mtandaoni ya kuaplai vyuo vingi) inaruhusu ishirini ila hutaweza kuandika esei za ishirini ukabaki na akili. MIT wana fomu yao wenyewe hawapo kwenye Common App. Ada ya maombi mara nyingi ni kati ya dola 60 na 90 kwa chuo, na huna haja ya kuilipa kama hali ni ngumu, omba kusamehewa, vyuo vya kundi la kwanza wanasamehe bila maneno mengi, ukiona hueleweki waandikie imeili fupi. Na EducationUSA, wapo chini ya ubalozi wa Marekani pale Dar, wanatoa ushauri bure, waandikie kabla hujampa mtu wa mjini hata mia.

Hatua ya 2: kalenda

Maombi ya mapema mara nyingi yanafungwa Novemba 1, ya kawaida karibu Januari 1, majibu ya mapema katikati ya Desemba, ya kawaida mwishoni mwa Machi, na wewe unatakiwa ujibu Mei 1, ambayo ni siku chache tu kabla au baada ya kuingia chumba cha mtihani wa six. Kwa hiyo una njia mbili. Unaaplai ukiwa form six, katikati ya mock na joto la kombi, au unamaliza six, unaenda JKT kama umeitwa, matokeo yanatoka Julai, unaaplai mwaka huo ukiwa na matokeo kamili mkononi. Mimi nashauri ya pili kwa anayesoma shule zetu za kawaida. Matokeo yako ni ya ukweli siyo ya kukadiriwa na mwalimu, una muda, na mwaka ule unaweza kuujaza kitu. Anayesoma IB, mtaala wa kimataifa, pale shule ya UWC East Africa, Moshi au Arusha, hii kalenda haimhusu sana, wao wana washauri wao wanawasukuma.

Kuna maombi ya mapema ya aina mbili, kuna ile ambayo ukikubaliwa umeoa, huruhusiwi kwenda kwingine, na kuna isiyokufunga. Soma vizuri kabla hujabonyeza.

Hatua ya 3: matokeo, na karatasi ambayo shule yako haina

Hapa ndipo nakaa sana na vijana. Mmarekani wa kawaida amezoea A ikianzia 90. Sasa anafungua ripoti yako ya form five anaona Physics 62, Chemistry 58, anaona mtoto anazama. Hajui kwamba kwenye A-level ya NECTA A inaanzia 80, 62 ni C na 58 ni D, na kwamba kwenye ripoti ile ile imeandikwa nafasi ya 4 kati ya 112. Hajui kwamba O-level A inaanzia 75. Ofisa mzoefu wa Afrika anajua, lakini kwenye kamati kuna wengine ambao hawajui, usimwachie mtu kubahatisha.

Marekani shule inatuma pamoja na matokeo karatasi moja au mbili zinazoeleza shule yenyewe. Huku shule nyingi hazijawahi kuisikia, kwa hiyo unaiandaa wewe, unampelekea mwalimu wa taaluma airekebishe, mkuu wa shule asaini na kupiga mhuri. Weka shule iko wapi, ya serikali au ya dini, wanafunzi wangapi, kombi zipi zinafundishwa, darasa lina watu wangapi, kwamba masomo ya kombi ni matatu pamoja na yale ya lazima na mwanafunzi hachagui moja moja kama kwao, jedwali la alama za NECTA za O na A-level, na shule ilipata division one ngapi mwaka jana kati ya wangapi. Hiyo ya mwisho ni dhahabu. One ya shule iliyotoa one 90 na one ya shule iliyotoa one 6 ni vitu viwili tofauti kabisa, na ofisa akiiona anakuandikia kwenye muhtasari wake.

Wanataka matokeo ya miaka kama minne ya mwisho, wengi hapa tunatuma form three mpaka six. Ripoti za zamani zimepotea? Nenda shuleni uwaombe wakuandalie upya kutoka kwenye kumbukumbu zao, na nenda mapema, siyo wiki ambayo mwalimu wa taaluma anasajili form four. Na angalia jina. Cheti cha kuzaliwa, NECTA na pasi vyote visome sawa, herufi kwa herufi, maana nimeona mtu ni Aikaruwa kwenye cheti, Aika kwenye pasi, kazi ya viapo ikaanza wakati dedilaini iko mlangoni.

Hatua ya 4: barua za walimu

Mwaka wangu wa pili uliishia hapa. Mwalimu wangu wa Biology, mtu mzuri sana, alikuwa amemwandikia barua dada mmoja mwaka uliopita, akaichukua ile ile, akabadilisha jina juu, akatuma. Lugha yetu "yeye" ni yeye, Kiingereza hakiko hivyo, kwa hiyo kuanzia aya ya pili mimi nilikuwa mwanamke, tena mwanamke kiongozi wa kwaya, mimi ambaye sijui hata kushika sauti. Nilikuja kuiona baadaye yeye mwenyewe ananionyesha anacheka. Sikucheka.

Unahitaji kwa kawaida walimu wawili wa masomo na mmoja wa kusimama kama mshauri, huku anakuwa mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma. Usimtafute mwenye cheo, mtafute anayekujua. Mkuu wa mkoa hakujui. Mwendee kwa heshima, "shikamoo mwalimu, naomba nikusumbue", umebeba karatasi moja umeandika mambo matatu manne yaliyotokea kweli kwenye kipindi chake, siku mliyobishana kuhusu jibu la NECTA, siku ulipofundisha wenzako mada alipokuwa msibani. Barua zetu zimejaa mtiifu, mchapakazi, anashirikiana vizuri na wenzake, na ofisa akisoma hiyo mara mia hakumbuki mtu. Mwambie mwalimu tukio moja lina nguvu kuliko sifa kumi.

Kingine, barua inatumwa na mwalimu mwenyewe kupitia linki inayoingia kwenye imeili yake. Walimu wengi wana imeili waliyofunguliwa na mtu na paswedi hawaikumbuki, kaa naye, fungueni, hakikisha linki haijaingia spamu. Common App itakuuliza kama unaachia haki ya kuja kuzisoma hizo barua, achia, usipoachia wanadhani umemsimamia mwalimu akiandika.

Hatua ya 5: SAT na Kiingereza

Fupi. SAT ni mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. MIT waliurudisha kuwa lazima mwaka 2022, na mwaka 2024 Harvard, Dartmouth, Brown na Caltech wakatangaza vivyo hivyo, Bowdoin hawalazimishi tangu 1969. Kila chuo angalia tovuti yake mwaka unaoaplai. Sasa hivi SAT inafanyika kwenye kompyuta, saa 2 na dakika 14, alama za juu kabisa ni 1600, mazoezi yapo bure kwenye programu yao ya Bluebook na Khan Academy. Mtu wa PCM hesabu hazimsumbui, kinachowaua ni kusoma, anza kusoma magazeti ya Kiingereza mwaka mmoja kabla. Jisajili mapema, nafasi kwenye vituo zinaisha. Mtihani wa Kiingereza, wengi wanapokea wa Duolingo, unafanyia nyumbani na ni nafuu kuliko TOEFL, ila hakikisha siku hiyo umeme haukatiki, mimi huwa nawawekea vijana jenereta.

Hatua ya 6: shughuli zako, herufi 150

Kwenye Common App nafasi za shughuli ni 10, kila moja herufi 150 za maelezo na nafasi wazi zinahesabiwa. Vijana wetu wanaandika kiranja wa taaluma, klabu ya Malihai, klabu ya mdahalo, wanaishia hapo, wanasema sina kingine. Namuuliza Jumamosi unafanya nini? "Namsaidia mama kuuza ndizi." Kwa muda gani? "Tangu std six." Kwenye Common App kuna kipengele cha kazi na kipengele cha majukumu ya familia, hiyo ndizi inaingia, na kwa ofisa inaweza kupita uzito wa klabu tatu.

Ila iandike kwa namba. "Nauza ndizi sokoni" haisemi kitu. Linganisha na hii: nauza mikungu 15 kila Jumamosi toka nina miaka 12, natunza daftari la madeni, nilimhamisha mama kutoka mishare kwenda mzuzu bei ilipopanda. Hapo mtu anaona akili ikifanya kazi.

Hatua ya 7: esei

Maneno 650 mwisho, na mada unachagua mwenyewe. Nianze na la kukataza, usiandike kuhusu kupanda Kilimanjaro. Mlima ni wetu ndiyo, lakini esei ya mlima imeandikwa na watoto wa watalii miaka na miaka, umechoka, umekaribia kukata tamaa, umefika kileleni, umejifunza uvumilivu, ofisa anaijua kabla hujaanza.

Kuna binti wa Kibosho alikuja kwangu na hiyo hiyo, imeandikwa vizuri, imejaa maneno mazito ya kamusi. Nikamuuliza maswali ya kawaida tu, unakaa na nani, unafanya nini asubuhi. Kumbe babu yake ndo alikuwa msimamizi wa zamu za maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, kwao, macho yakamwishia, daftari likaangukia kwa mjukuu. Counterbook, jalada jekundu limefungwa na uzi. Kila familia ina saa zake, na kuna ukurasa mmoja wa mwezi wa pili jina la jirani yao limekatwa mara tatu limeandikwa tena mara tatu, kwa sababu jirani alikuwa anapasua mfongo usiku maji yaende kwenye mahindi yake, na yeye, miaka kumi na sita, ilibidi aende kukaa na wazee wa kiume watupu awaeleze kwamba mahindi yanahitaji maji wiki ile kuliko migomba, kwa hiyo badala ya kumpiga faini wampe saa mbili za alfajiri na azirudishe mwezi wa nne. Wakakataa. Wiki iliyofuata wakakubali.

Nikamwambia rudi nyumbani, chukua simu, jirekodi ukisimulia hivyo hivyo kwa Kiswahili kama unavyonisimulia mimi, halafu ndo uandike Kiingereza. Aliandika mara saba. Kwenye ile kamati ofisa ana sekunde chache za kumwombea mtu kura, na sasa alikuwa na cha kusema, huyu ndiye wa daftari la maji. Jiulize yeye atakutaja kwa sentensi gani. Kama sentensi yako ni "mwanafunzi mwenye bidii kutoka Tanzania", hujamaliza kuandika.

Na zile esei fupi za kwa nini chuo chetu, usiwasifu kwa mandhari na umaarufu, taja somo, maabara au mradi uliousoma kweli kwenye tovuti yao na ukaunganisha na jambo lako. Ukiipa AI kazi hii ikuandikie itakupa mandhari na umaarufu, ndo maana nazitambua nikiwa hata sijavaa miwani.

Hatua ya 8: interviu

Wakikuita nenda, wasipokuita usilie, vyuo vingi havina mhitimu huku na hawakupunguzii kitu. Mara nyingi ni mhitimu yuko Nairobi au Dar mnaongea Zoom. Anaandika ripoti fupi inaingia kwenye faili. Ongea, uliza maswali, usikariri. Vijana wetu tatizo ni heshima kupita kiasi, mtu anajibu "yes sir" dakika arobaini. Ofisa anataka kusikia ukibisha kidogo.

Fomu za hela, na baada ya kutuma

Vyuo vingi vya binafsi vinatumia CSS Profile, fomu ya mtandaoni ya kueleza kipato na mali za familia, dedilaini yake ni tofauti na ya maombi, watu wanaisahau. Mzazi hana salary slip? Andikeni barua ya kipato, kahawa kilo ngapi, ng'ombe wangapi, mtendaji wa kijiji agonge mhuri, tafsiri kwa Kiingereza. Usipunguze wala usiongeze, wanalinganisha karatasi.

Ukishatuma kila chuo kitakufungulia ukurasa wako, uingie kila wiki, ndipo utaona "barua ya mwalimu haijafika" wakati mwalimu anaapa ametuma. Ukiwekwa orodha ya kusubiri waandikie barua moja tu fupi yenye jambo jipya. Ukichukuliwa kabla matokeo ya six hayajatoka, bado unadaiwa, wana haki ya kufuta nafasi ukianguka vibaya, kwa hiyo rudi kwenye kombi yako. Julai NECTA wakitoa, printi siku hiyo hiyo, peleka shuleni wagonge mhuri, skani, tuma, na usije kwangu saa kumi na moja jioni kwa sababu siku ya matokeo foleni inafika barabarani na skana yangu ni moja.